Waya unakatika nikikunja kitanzi cha kidani: shida ni waya, koleo au mkono wangu?

#1 Nakawa_Mawe
Habari za humu wakuu. Niende moja kwa moja. Nimeanza kufunga mawe kwa waya wa shaba nitengeneze vidani, yale mawe yaliyosuguliwa yakang'aa, hakuna kutoboa wala gundi, waya wenyewe ndio unashika jiwe. Najifunza kwa video za Wamarekani. Kufunga chini naweza, kuzungushia jiwe naweza, ila nikifika juu pale kwenye kitanzi cha kupitishia mkufu waya unakatika. Na haukatiki mapema bwana, unangoja nishafanya kazi yote ndio unasema tak! Waya nilinunua Nakasero hapa Kampala, duka la vifaa vya umeme, waya wa kuwayaringi nyumba, ule wa moja na nusu (milimita za mraba), nikauchuna plastiki. Picha nimeweka, msinicheke.

#2 BodaPoa
Hatucheki nyabo. Ila hilo jiwe limefungwa kama mshukiwa anapelekwa kituoni.

#3 FundiMota_Katwe
Dada waya wako ni mzima, unauchosha tu. Shaba ukiikunja inakuwa ngumu palepale ulipokunja, ukiinyoosha ukakunja tena inazidi, mara ya nne ya tano inapasuka. Na wewe waya umeshauvuta kwenye plastiki, umeunyoosha, umezungusha kwenye jiwe, umebadilisha mawazo ukarudisha nyuma, halafu ndio unaupeleka kwenye kitanzi. Hapo umefika umechoka.
Dawa yake: KABLA hujagusa jiwe, weka waya kwenye sigiri au moto wa gesi mpaka uwe mwekundu wa kufifia, toa, tumbukiza kwenye maji. Usiogope maji, shaba sio chuma, haiwi ngumu kwa maji, inalainika. Itatoka nyeusi, hiyo unaisugua na ndimu na chumvi. Usiweke waya motoni wakati jiwe liko ndani, jiwe litapasuka likurukie usoni.

#4 BintiSonara
Kaka Fundi sikatai hiyo ila mimi nimeangalia picha yake nikazumu. Dada zumu pale chini ya kitanzi, kuna alama za meno. Hiyo koleo ni ya fundi umeme, ina meno ndani, kila ukibana inauma waya, na waya wa shaba ukishaumwa hukatikia hapohapo. Nimekulia kwenye duka la sonara, baba alikuwa haruhusu koleo yenye meno ikae hata kwenye droo moja na zake. Unataka koleo mbili, moja yenye mdomo wa mviringo kwa ajili ya vitanzi, moja yenye mdomo bapa laini ya kushikilia. Kama huna pesa, zungushia selotepu nzito kwenye midomo ya hiyo uliyonayo au chukua tupa usawazishe meno yaishe.

#5 TichaMasindi
Salaam. Naona mnakimbilia mkono na koleo, hakuna aliyeuliza huo waya ni nini. Kuna nyaya sokoni zinauzwa kama shaba kumbe ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Kwa macho huwezi jua. Zinakatika haraka, na ukizichoma kama alivyosema Fundi unaweza kubaki huna waya, maana aluminiamu inayeyuka kwa nyuzi 660 wakati shaba inahitaji 1085. Kata ncha, peleka kwenye jua utazame pale ulipokata. Ukiona kitovu cheupe umeuziwa aluminiamu.

#6 Nakawa_Mawe
@TichaMasindi nimekata, nimekwangua na wembe pia, ndani ni nyekundu mpaka katikati. @BintiSonara meno ni kweli yapo 😅 nilidhani ni vivuli vya picha. @Fundi nimechoma kipande kwenye gesi, kimelainika mpaka nikashangaa, kama uzi. Ila nacho nimekikunja kikakatika baadaye. Sasa mnasema nini?

#7 TichaMasindi
Kama ni nyekundu mpaka ndani basi kwangu limebaki moja, umekichoma kupita kiasi. Ukiacha kwenye moto muda mrefu chembe za ndani zinakua kubwa, waya unakuwa kama umeoza. Mwekundu wa kufifia, sio wa machungwa.

#8 FundiMota_Katwe
Ticha mwekundu wa kufifia niliandika tangu mwanzo, sasa unanifundisha maneno yangu.

#9 Shanga_za_Jinja
Hamjambo. Nyote mmeruka kitu kimoja. Huo waya ni MNENE. Moja na nusu ya wayaringi ile ya uzi mmoja kipenyo chake ni kama milimita 1.4. Hakuna mwanafunzi anaanza kidani na waya wa 1.4, mkono wa nani? Ndio maana anakunja mara tano tano, hautii. Mimi natoka kwenye shanga za karatasi nikaingia mawe, nilianza na 0.8 kwa fremu na 0.4 ya kufungia. Video zake hao Wamarekani watakuwa wanasema geji 20 na geji 26, yaani namba za unene wa waya, hebu sikiliza vizuri. Na kumbuka geji inakwenda kinyume, namba ikipanda waya unakuwa mwembamba.

#10 FundiMota_Katwe
Mama uko sawa kwa unene, ila kwa geji ngoja niongeze maana watu wataenda Katwe wakirudi na kitu kingine. Sisi wa kuriwaindi mota, yaani kuzisuka waya upya, wengi tunatumia geji ya Kiingereza, Wamarekani wana yao. Geji 20 ya Marekani ni milimita 0.81, geji 20 ya kwetu ni 0.91. Geji 18 ya Marekani ni 1.02, yetu ni 1.22. Geji 24 yao ni 0.51, yetu 0.56. Ukifika dukani usiseme geji, sema milimita, muuzaji ana maikromita ya kupimia unene pale.

#11 AruaOriginal
Mimi sinunui waya ya uzi moja hata siku moja. Nanunua kebo ya nne, ile ya nyuzi saba, nachuna nafungua. Kila uzi ndani ni 0.85, hiyo ndio fremu yako, saba kwa mpigo. Ukitaka nyembamba chukua ya mbili na nusu, nyuzi zake ni 0.67, ya moja na nusu ya nyuzi saba inakupa 0.53. Shida moja tu zimesokotwa, lazima unyooshe. Unabana ncha kwenye mlango, ncha ingine kwenye koleo, unavuta polepole mpaka unasikia imejinyoosha yenyewe. Mita mbili za kebo zinakutosha mwezi.

#12 BodaPoa
Sasa naelewa kwanini transfoma ya kijijini kwetu kila msimu wa Krismasi inapotea. Kumbe ni hereni.

#13 AruaOriginal
😂😂 Mimi nanunua na risiti ssebo usiniletee askari.

#14 FundiMota_Katwe
Ile kunyoosha ya Arua nayo inaanza kuukaza waya, mjue. Kwa hiyo akishavuta achome tena. Narudi palepale.
Halafu waya wa mota: ule unang'aa kwa sababu umepakwa vanishi. Faida yake hauchakai rangi haraka wala haukai kijani. Hasara yake ukitaka kuulainisha lazima uchome vanishi, na moshi wake ni mbaya, fanya nje na usimame upande upepo unakotoka. Unauzwa kwa mizani. Mafundi wengi wana vibaki kwenye bobini ambavyo havitoshi mota, ukiomba kwa adabu anakupimia robo.

#15 MzeeKilembe
Vijana nimesoma yote. Wakati wetu Kasese shaba ilikuwa ya hapa hapa, inachimbwa Kilembe inapanda treni inayeyushwa Jinja. Waya wa siku hizi mnaochuna hauna mwili.

#16 BodaPoa
Mzee si Amin ndiye aliifunga hiyo migodi?

#17 MzeeKilembe
Hapana mwanangu. Amin aliondoka 1979, uzalishaji Kilembe ulisimama 1982. Wakati wake uliporomoka ni kweli, vipuri havikuja, wataalamu walikimbia, lakini kufunga ni baadaye. Reli yenyewe ilifika Kasese 1956, tulikuwa watoto tunaikimbilia.

#18 TichaMasindi
Shikamoo Mzee. Na kwa heshima zote, shaba ya kutengenezea waya wa umeme lazima iwe safi sana ndio umeme upite, kwa hiyo kwa usafi ya leo haina neno. Iliyokuwa inatoka tanuru la Jinja ilikuwa bado haijasafishwa mpaka mwisho, ilikuwa inaenda kumaliziwa nje.

#19 MzeeKilembe
Marahaba. Bado nasema haina mwili.

#20 BintiSonara
Turudi kwa dada. Nakawa mimi nadhani kitanzi kinakatika kwa sababu kinabeba mzigo ambao sio wake. Angalia jiwe lako, ni laini mviringo kama yai, halina kiuno. Unalifunga, linateleza, kwa hiyo unaenda pale juu unabana na kunyonga ili lisitoke. Unanyonga, unanyonga tena, tak. Ukishika jiwe vizuri kwenye mwili, kule juu utakunja mara moja tu.
Hivi ndivyo nafanya. Kata nyaya tatu za 0.8. Pima kwa uzi mzunguko wa jiwe, ongeza kiasi cha upana wa kiganja. Zilaze pamoja kama mkeka, ziwe tambarare, funga selotepu ncha zote mbili. Katikati kabisa zungushia waya mwembamba mara tano au sita, mizunguko ikae bega kwa bega, ncha zake ukate na uzilaze upande wa ndani ambako jiwe litakalia, zisikwaruze mtu. Hapo katikati ndio chini ya jiwe. Sasa pindisha huo mkeka kwa vidole, SIO koleo, ukumbatie jiwe ubavuni mpaka ncha zikutane juu. Toa jiwe. Funga pale juu tena mara tatu nne. Rudisha jiwe ndani, litaingia kwa shida kidogo, vizuri.
Sasa ndio siri. Waya wa kwanza wa mbele, chomeka ncha ya kisu kisichokata au kijiti cha mianzi, uvute uje juu ya uso wa jiwe pale kwenye pembe. Pembe nne. Geuza, fanya hivyohivyo nyuma na waya wa tatu. Waya wa katikati unabaki ubavuni. Jiwe haliendi mbele haliendi nyuma. Tikisa karibu na sikio, ukisikia tik tik vuta pembe moja kidogo tena.
Ncha zilizobaki juu ni sita. Mbili zitengenezee kitanzi, zilaze juu ya kalamu ya risasi, zipitishe nyuma, zifunge shingoni. Nne zingine pambia au kata. Kalamu, sio koleo, maana kalamu haina kona.

#21 Shanga_za_Jinja
Asante BintiSonara hilo somo la kulipiwa. Ila kwa jiwe la yai hata hiyo inateleza, mimi navusha waya mmoja nyuma msalaba. Na wanaoanza waanze na jiwe bapa, mgongo tambarare na tumbo limetuna kidogo, kama sarafu nene. Yai liache kwanza.

#22 Nakawa_Mawe
Jamani!! Nimejaribu pembe nne. Jiwe limekaa. Kitanzi sijakunja bado naogopa.

#23 BodaPoa
Kunja. Sisi tuko nyuma yako, mbali kidogo.

#24 WestNileRoots
Samahani kuingilia kati, hayo mawe mnayasuguaje? Mimi nina mawe ya mtoni nimeokota mengi, yakiwa na maji yanang'aa yakikauka yanakuwa vumbi tu.

#25 TichaMasindi
Mengi ya mtoni yanayong'aa yakilowa ni kwatsi na jamaa zake akiki. Ugumu wake ni 7 kwenye kile kipimo cha 1 mpaka 10, kwa hiyo msasa wa mbao unacheza tu. Tumia msasa mweusi wa maji, ule wa mafundi rangi wa magari. Anza namba 220, panda 400, 600, 1000, 2000, kama unapata 3000 vizuri zaidi. Usiruke hatua, mikwaruzo ya 220 haitoki kwa 1000 hata usugue mpaka jua lizame. Kila ukibadilisha osha jiwe na mikono na beseni.
Na hili nasema kwa msisitizo: MAJI kila wakati. Vumbi la kwatsi likikauka ukalivuta linaharibu mapafu na hayaponi. Wachimbaji wengi wamekufa nalo.

#26 AruaOriginal
Kuna mashine pia, pipa dogo linazunguka na mota, unaweka mawe na maji na unga wa kusagia, kila hatua karibu wiki, mchana na usiku. Umeme wenyewe mnaujua. Mimi nilikwenda mkono.

#27 Karamoja_Rock
Nyinyi mnahangaika na kwatsi, njooni Moroto kuna mabo (marumaru). Laini, inasuguliwa asubuhi mchana iko tayari. Nauza vipande.

#28 BintiSonara
Mabo ni laini kweli, ugumu kama 3, ndio ubaya wake. Mteja akiiweka kwenye mkoba na funguo imekwisha. Kwa hereni sawa, pete hapana. Na tafadhali msisafishe kidani cha mabo na ndimu kama alivyosema Fundi kule juu! Mabo inaliwa na asidi, inatoa mapovu, mng'aro wote unaondoka. Malakiti ya Kongo hivyohivyo, ile ya kijani yenye mistari. Kuna mama mmoja aliletewa malakiti kutoka Lubumbashi akailoweka kwenye siki usiku kucha. Nisimalizie.

#29 FundiMota_Katwe
Mimi nilisema ndimu kwa WAYA. Waya kabla ya jiwe. Someni.

#30 Mutukula_Trader
Wakuu mnaopenda mawe mazuri nina tanzanaiti, bei ya undugu, elfu ishirini jiwe. Niko mpakani, natuma kwa basi.

#31 BodaPoa
Elfu ishirini za Uganda? Ndugu yangu, yule mchimbaji Laizer wa Mererani, Tanzania, 2020 aliuza mawe yake mawili akapata bilioni 7.7 za Tanzania. Wewe unatuma kwa basi.

#32 Mutukula_Trader
Yale yalikuwa makubwa, moja lilipita kilo 9. Haya ni madogo.

#33 TichaMasindi
Chukua lenzi angalia ndani. Ukiona vipovu vya duara ni chupa. Ligusishe midomoni, chupa haina ule ubaridi wa jiwe.

#34 BintiSonara
Na hata ikiwa ya kweli sio ya mwanafunzi. Tanzanaiti ni tete, ina upande wa kupasukia, ukiibana na koleo inagawanyika. Mwanafunzi ajifunzie akiki, ikianguka hailii.

#35 HajatiBombo
Assalam aleikum. Mimi swali langu ni la ngozi. Binti yangu alininunulia kidani cha shaba, kifua kikawa kijani. Jirani yangu anasema ni sumu inatoka mwilini, mwingine anasema shaba ni feki. Ni ipi?

#36 Shanga_za_Jinja
Waaleikum salaam Hajati. Wala si feki, ingekuwa feki pengine isingekuwa kijani. Jasho lina chumvi, linakula shaba kidogokidogo, ile rangi ndiyo hiyo. Inaoshwa na sabuni inatoka. Paka rangi ya kucha ile isiyo na rangi kwa nyuma panapogusa ngozi.

#37 MzeeKilembe
Inategemea mtu. Mimi navaa bangili ya shaba kwa ajili ya viungo miaka mingi, sijawahi kuwa kijani. Mke wangu siku moja tu. Damu hazifanani.

#38 TichaMasindi
Mzee hiyo ya viungo ilijaribiwa Uingereza na watu wa chuo cha York, matokeo yakatoka 2013, bangili za shaba hazikushinda za uongo kwa wenye baridi yabisi.

#39 MzeeKilembe
Waje wapime magoti yangu.

#40 AruaOriginal
Mimi naona ni losheni. Bila losheni hainishiki, nikipaka tu kijani.

#41 HajatiBombo
Losheni sipaki mwanangu, napaka mafuta ya nazi. Na bado.

#42 FundiMota_Katwe
Ndio nikasema waya wa mota wenye vanishi. Hata mafuta ya nazi hayapiti.

#43 BintiSonara
Mpaka vanishi ikwaruzike, halafu kijani kinatoka kwa madoa madoa, mbaya zaidi.
Wasiotaka kubishana na rangi waifanye nyeusi kabisa. Chemsha yai likauke, liponde likiwa moto, weka kwenye kopo la plastiki pamoja na kidani, visigusane, funika. Kiberiti cha kwenye yai kinapanda kwenye shaba, baada ya masaa kadhaa imekuwa kahawia, ukiacha mpaka asubuhi inakaribia nyeusi. Halafu sugua juu juu na stiliwuli laini, palipotuna panang'aa, kwenye mianya panabaki giza. Kazi ya mwanafunzi inaonekana ya fundi.

#44 BodaPoa
Na yai unakula?

#45 BintiSonara
Lile unampa wewe.

#46 Nakawa_Mawe
Nimerudi. Nimekunja juu ya kalamu, waya wa 0.85 wa Arua, nimechoma kwanza. HAUJAKATIKA. Lakini sasa kitanzi ni laini mno, nikivuta mkufu kinafunguka.

#47 FundiMota_Katwe
Ni kwa sababu umeulainisha wote. Kigonge kidogo na nyundo juu ya chuma, sehemu ya kitanzi tu, kitakaza.

#48 BintiSonara
Usigonge! Jiwe liko ndani, mtetemo ukifika kwenye jiwe je? Zungusha shingo mara mbili zaidi na waya mwembamba, inatosha.

#49 Shanga_za_Jinja
Mimi nasokota nyaya mbili pamoja kabla ya kukunja kitanzi, zinajikaza zenyewe bila nyundo.

#50 TichaMasindi
Kwa hiyo tumetumia siku tatu kumlainishia waya, na sasa tunamfundisha kuukaza.

#51 Karamoja_Rock
Tuache hayo, mnauza wapi? Mimi nilipeleka duka moja la watalii nikaambiwa acha vitu tutakupigia.

#52 Shanga_za_Jinja
Kwenye masoko ya kazi za mikono Kampala, nyuma ya National Theatre na Buganda Road, watu wanaangalia kwanza mgongo wa kidani, mzungu anapitisha kidole nyuma akihisi ncha ya waya anarudisha. Kilichofungwa vizuri mbele na vibaya nyuma hakiuziki. Na usiache vitu bila karatasi ya kusaini, tangu enzi za shanga za karatasi hilo tumelia nalo. Wenzangu wengi sasa wanachanganya, jiwe moja katikati na shanga za karatasi pembeni, inaenda haraka kuliko jiwe tupu.

#53 WestNileRoots
Vipi hereni? Nimetengeneza kulabu zangu mwenyewe za waya huohuo, dada yangu anasema zinamchoma sikio.

#54 BintiSonara
Kwanza sikioni usiweke shaba tupu, nunua kulabu za fedha 925 au chuma kisichoshika kutu, na zile za bei ya kutupa zina nikeli, masikio ya wengi yanavimba. Kama ni lazima utengeneze, ncha ukishakata na koleo inabaki kali hata kama huioni. Isugue na msasa wa 600 halafu 1000 kwa kuizungusha, iwe mviringo. Kupima chukua soksi ya nailoni, ichomeke ipite. Ikinasa, rudi kwenye msasa.